Ugomvi wa Miaka Sabini Kuhusu Sukari na Mishipa ya Damu

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata kisukari hakuishi muda wa kutosha kwa mishipa yake ya damu kuharibika. Alikunywa maji asikate kiu, akakonda, akazimia, na mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili alikuwa ameshazikwa. Huko New York daktari Frederick Allen aliwaongezea wengine muda kwa kuwapunguzia chakula, mpaka mgonjwa akabaki mifupa na ngozi. Baadhi yao walikufa kwa njaa badala ya kisukari. Madaktari walilijua hilo, ila hawakuwa na kingine cha kutoa.

Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa dawa iliyokamuliwa kutoka kongosho la ng'ombe. Walioitengeneza ni Frederick Banting na Charles Best. Sukari ilishuka kidogo tu, na palipodungwa pakatunga jipu. Mkemia James Collip akaendelea kuisafisha dawa ile, na tarehe 23 ya mwezi huohuo Thompson akadungwa tena. Safari hii sukari ilishuka kweli kweli na mkojo ukawa safi. Mwaka uliofuata Banting na John Macleod, mkuu wa maabara walimofanyia kazi, wakapewa Tuzo ya Nobel.

Furaha ile ilistahili. Lakini haikupita miaka mingi likaanza kuonekana jambo ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa nalo. Watoto waliookolewa walikuwa sasa watu wazima, wana kazi na familia, na baadhi yao walianza kupoteza macho. Wengine figo zao zilivujisha protini, miguu ikavimba. Wengine kidole cha mguu kiligeuka cheusi kutokana na kidonda ambacho hawakujua walikipata lini. Dawa ile, insulini, ilikuwa imewapa watu umri, na umri ukaonyesha kinachoipata mishipa ya damu ya mwenye kisukari baada ya miaka kumi, kumi na mitano, ishirini. Je, ni sukari yenyewe inayoiharibu? Ukiishusha, damu itaendelea kupita vizuri? Leo muuguzi yeyote wa kliniki ya kisukari analijibu swali hilo bila kusita. Wataalamu walilibishania kwa miaka sabini, na huku wakibishana, watu walikuwa wanapofuka na kukatwa miguu.

Aliyekuwa na uhakika mapema kuliko wote ni Elliott Joslin wa Boston. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 aliandika habari za kila mgonjwa wake wa kisukari kwenye madaftari makubwa, na madaftari hayo ndiyo yaliyomwonyesha kwamba wanaotunza sukari yao wanadumu wakiwa wazima kuliko wasioitunza. Mama yake mzazi naye alikuwa na kisukari. Joslin hakuona haya kuwa mkali: chakula kwa vipimo, insulini kwa saa, mazoezi, mkojo upimwe mara kadhaa kwa siku. Mwaka 1934 aliandika makala kuhusu kuoza kwa miguu ya wagonjwa wa kisukari, akasisitiza kwamba janga hilo lina sababu za hapa duniani na linaweza kuzuiwa. Katika hospitali ya Deaconess, ambako wagonjwa wake walilazwa, alipatenga mahali pa kutunzia miguu tu. Pale muuguzi alimkalisha mgonjwa, akamvua soksi, akatazama katikati ya kila kidole, akamfundisha kukausha miguu baada ya kuoga na kutojikata sugu kwa wembe. Daktari mpasuaji Leland McKittrick naye aliendeleza namna ya kukata sehemu ya mbele tu ya mguu pale ilipobidi, ili mtu abaki na kisigino cha kukanyagia. Kwa mtu wa miaka ile, tofauti kati ya kukatwa vidole na kukatwa juu ya goti ilikuwa tofauti kati ya kurudi kazini na kukaa kitini maisha yote.

Lakini madaftari ya Joslin hayakuwa ushahidi wa kumnyamazisha mpinzani. Mgonjwa anayefuata masharti huenda tangu mwanzo ndiye mwenye kisukari chepesi. Edward Tolstoi, daktari wa New York, alisimama upande wa pili: mgonjwa ale kama wenzake, adungwe insulini ya kumwondolea kiu na kukonda, na sukari ikionekana kwenye mkojo isimkoseshe usingizi. Wengi walimfuata, na naelewa kwa nini. Sindano za wakati ule zilichemshwa na kunolewa nyumbani, na mkojo haukuweza kusema sukari ya damu ikoje saa hiyo. Kumwambia kijana aishi kwa mizani na saa maisha yake yote, bila kuweza kumthibitishia faida yake, lilikuwa jambo zito.

Wakati huo waliotazama kwa hadubini walikuwa wanakusanya picha moja baada ya nyingine. Eduard Jaeger wa Vienna alikuwa ameona mabadiliko ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari tangu miaka ya 1850, muda mfupi baada ya Hermann von Helmholtz kubuni kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho. Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza vinundu vigumu ndani ya vichujio vya figo. Arthur Ballantyne wa Glasgow, katika miaka ya 1940, alionyesha vijipu vidogo vya mishipa kwenye retina. Mwaka 1953 Knud Lundbæk wa Denmark akaviunganisha vyote: jicho, figo na mguu ni ugonjwa mmoja wa mishipa, unaokuja na miaka ya kisukari.

Kazi iliyonivutia kuliko zote ni ya David Cogan na Toichiro Kuwabara wa Boston, iliyotoka mwaka 1961. Walichukua retina za watu waliofariki, wakazitia kwenye kimeng'enya kinachoyeyusha nyama na kuiacha mishipa. Kilichobaki ni wavu wa kapilari peke yake, wakautandaza juu ya kioo na kuutia rangi. Kapilari ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu ya damu hupita moja moja, tena kwa kujikunja. Ukuta wake una seli za ndani zinazogusa damu, na kwa nje seli nyingine zinazoukumbatia. Katika retina za wenye kisukari, zile za nje zilikuwa zimetoweka, yamebaki maganda matupu. Ukuta uliokosa msaada ulitokeza nje kama vijipu alivyoviona Ballantyne, na kando yake kulikuwa na kapilari nzima zisizopitisha damu tena. Jicho likinyimwa damu linaotesha mishipa mipya, dhaifu, inayopasuka, na mtu anaamka asubuhi anaona pazia jeusi mbele yake.

Hata hivyo picha hazikumaliza ugomvi, maana zilionyesha uharibifu bila kumtaja mharibifu. Mwaka 1968 Marvin Siperstein na wenzake wa Dallas walipima utando wa kapilari za misuli ya paja. Waliukuta umenenepa kwa karibu wagonjwa wote, na pia kwa nusu ya watu ambao sukari yao ilikuwa bado sawa lakini wazazi wao wote wawili walikuwa na kisukari. Hitimisho lao liliwavunja watu moyo: ugonjwa wa mishipa unarithiwa pamoja na kisukari, kwa hiyo kushusha sukari hakutaokoa kitu. Watafiti wa St. Louis walipopima kwa njia nyingine walipata matokeo tofauti, na katika miaka ya 1970 majarida ya kitabibu yakajaa majibizano.

Figo zilitoa ushahidi ambao haukuwa rahisi kuupuuza. Huko Minnesota, figo nzima kutoka kwa watu wasio na kisukari zilipopandikizwa kwa wenye kisukari, baada ya miaka michache zilionyesha alama za ugonjwa uleule. Figo hazikuwa zimerithi chochote. Damu ndiyo iliyokuwa ngeni kwao. Kisha mwaka 1983 George Abouna na wenzake nchini Kuwait wakaeleza kinyume chake: figo mbili za marehemu aliyekuwa na kisukari, zenye alama za ugonjwa tayari, zilipandikizwa kwa wagonjwa wawili wasio na kisukari, na alama zile zikafutika. Kwangu mimi hapo kesi ilikuwa imeelemea upande mmoja. Mbwa wa maabara ya Ronald Engerman huko Wisconsin nao walikuwa wameshaonyesha kwamba sukari ikidhibitiwa tangu mwanzo, macho yanabaki mazima. Baadaye, mwaka 1987, mbwa wengine wa maabara hiyohiyo walitoa onyo. Waliokaa na sukari ya juu kwa miaka miwili na nusu kabla ya kudhibitiwa, macho yao yaliendelea kuharibika ingawa sukari ilikuwa imeshuka.

Kosa lililogharimu zaidi lilihusu mguu. Mwaka 1959 daktari Goldenberg na wenzake walichunguza miguu iliyokatwa na kuripoti kwamba wenye kisukari wana kuziba kwa pekee kwa mishipa midogo kabisa. Wazo hilo likaenea likawa kama sheria. Ikiwa mishipa midogo imeziba, hakuna haja ya kufungua mikubwa, kwani damu haitakuwa na pa kwenda. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cheusi alikatwa mguu bila kupigwa picha ya mishipa yake. Mwaka 1964 kundi la Eugene Strandness lilichunguza upya, likashindwa kuona tofauti hiyo, lakini desturi haikubadilika. Ilibidi kusubiri mwaka 1984, Frank LoGerfo na Jay Coffman walipoandika wazi katika jarida kubwa la tiba la New England kwamba mishipa midogo ya mguu wa kisukari haijaziba. Kapilari zimenenepa na hazifanyi kazi sawasawa, ndiyo, lakini damu inaweza kupita. Kilichoziba mara nyingi ni ateri kati ya goti na kifundo, na ateri za wayo zenyewe aghalabu ziko wazi.

Maana yake ilikuwa kubwa. Mpasuaji angeweza kuchukua vena ya mgonjwa mwenyewe na kuiunganisha mpaka kwenye ateri iliyo juu ya wayo, ikiruka pale palipoziba. Katika hospitali ileile ya Deaconess ya Joslin, Frank Pomposelli na wenzake walifanya hivyo, na mwaka 2003 wakatoa hesabu ya zaidi ya upasuaji 1,000 wa aina hiyo. Miaka mitano baadaye karibu miguu minane katika kila kumi ilikuwa bado na wenyewe. Nikiwaza miaka 25 kati ya 1959 na 1984, naona idadi isiyohesabika ya watu waliokatwa miguu kwa sababu ya wazo ambalo hakuna aliyelipima vya kutosha.

Kupima ndiko kulikokosekana kwenye ugomvi wote. Ungejuaje kama mtu amedhibiti sukari yake kwa mwaka mzima? Jibu lilitoka Tehran. Mwaka 1968 Samuel Rahbar wa Chuo Kikuu cha Tehran, alipokuwa akichunguza himoglobini za wagonjwa, aliona kwenye damu ya wenye kisukari utepe usio wa kawaida. Kilichokuwepo pale ni himoglobini iliyoshikwa na sukari. Glukosi hujibandika kwenye himoglobini ya chembe nyekundu pole pole, bila kuondoka, kadiri ilivyo nyingi kwenye damu, na chembe huishi siku kama 120. Ni kama dari la jiko la kuni linavyoshika masizi: hata moto ukiwa umezimwa asubuhi hiyo, dari linasema palipikwa kiasi gani miezi iliyopita. Mwaka 1976 Ronald Koenig na Anthony Cerami wa New York walionyesha kwamba utepe wa Rahbar unapanda na kushuka pamoja na udhibiti wa sukari. Hicho ndicho kipimo cha miezi mitatu ambacho leo kliniki zinakiita HbA1c. Mgonjwa aliyejinyima siku mbili kabla ya kumwona daktari hawezi tena kukidanganya, na daktari hawezi tena kubahatisha.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Mashine ya kwanza ya kusoma sukari kutoka tone la damu ilitoka Marekani karibu na mwaka 1970, nzito na ya bei kubwa, na iliuzwa kwa madaktari na hospitali. Richard Bernstein, mhandisi aliyekuwa na kisukari tangu utotoni, aliipata kwa sababu mkewe alikuwa daktari. Alijipima mara kadhaa kila siku, akarekebisha chakula na sindano, akaona afya yake inarudi. Alipoandika matokeo yake, majarida hayakumsikiliza, kwa hiyo akiwa mtu mzima akajiunga na chuo cha udaktari. Na huko Brussels, Jean Pirart alikuwa amefuatilia wagonjwa 4,400 tangu 1947 hadi 1973, peke yake kwa uvumilivu wa ajabu, na kuonyesha kwamba macho, figo na mishipa ya fahamu huharibika zaidi kwa walioishi na sukari ya juu.

Mwaka 1983 Marekani na Kanada zilianza jaribio lililotarajiwa kukata shauri. Watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wenye umri wa miaka 13 hadi 39, waligawanywa kwa kura. Nusu walitibiwa kama ilivyozoeleka, sindano moja au mbili kwa siku. Nusu walidungwa mara tatu au zaidi, au wakavaa pampu, wakijipima mara nne kila siku. Kundi la kwanza lilikaa karibu na asilimia 9 ya kipimo cha Rahbar, la pili karibu na 7. Jaribio lilisimamishwa mwaka mmoja kabla ya wakati, na Juni 1993 matokeo yakatangazwa. Kwa wale walioanza na macho mazima, uharibifu wa retina ulipungua kwa asilimia 76. Protini nyingi kwenye mkojo ilipungua kwa asilimia 54, uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa 60. Joslin alikuwa amefariki miaka 31 kabla.

Yalikuwemo pia mambo magumu ambayo hayafai kufichwa. Kushuka kwa sukari hadi mtu kuhitaji msaada wa mwingine kuliongezeka mara tatu. Tena, kwa baadhi ya waliodhibitiwa kwa haraka, macho yalizidi kuwa mabaya katika mwaka wa kwanza kabla ya kuanza kupona. Eva Kohner wa hospitali ya Hammersmith, London, na watafiti wengine walikuwa wamepima mwendo wa damu ndani ya jicho, wakaona kwamba sukari ya juu huongeza damu inayopita kwenye retina. Huenda retina iliyozoea mafuriko hayo, sukari ikishushwa ghafla, sehemu zake zilizokwisha kupoteza kapilari hukosa damu kwa muda. Ndiyo maana daktari makini humpima macho mgonjwa kabla ya kumshusha sukari kutoka juu sana.

Mwaka 1998 jaribio la Oxford, Uingereza, lilileta jibu kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi. Robert Turner na Rury Holman walikuwa wamewafuata watu 5,102 tangu 1977. Tofauti kati ya asilimia 7.0 na 7.9 za HbA1c ilipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo. Kwa moyo dalili ilikuwepo ila haikutosha kuthibitisha. Walioshushwa presha hadi wastani wa 144/82 badala ya 154/87 walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44, na hapo ikajulikana kwamba mtu akiangalia sukari na kusahau presha, ameacha nusu ya kazi.

Mwaka huohuo wa 1998 kundi la Mark Creager wa Boston lilionyesha kinachotokea kwenye mshipa wenyewe. Walichukua watu wazima wasio na kisukari, wakapandisha sukari kwenye mkono mmoja tu kwa saa sita, kisha wakatia dawa ambayo kwa kawaida huufanya mshipa utanuke. Ulitanuka kidogo kuliko ilivyostahili. Seli za ndani ya mshipa hutoa gesi ya nitriki oksidi inayouambia ukuta ulegee ili damu ipite. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka ule. Sukari ikizidi, seli hizo huzalisha kemikali kali zinazoimaliza gesi hiyo, kama Michael Brownlee, mtafiti aliyeishi na kisukari mwenyewe, alivyoeleza mwaka 2001. Saa sita za sukari ya juu kwa mtu mzima wa afya zilitosha kupunguza kutanuka kwa mshipa.

Waliobaki kutoka jaribio la 1983 waliendelea kufuatiliwa baada ya wote kupewa matibabu ya makini, na vipimo vyao vikawa sawa. Mwaka 2005 ikaonekana kwamba waliodhibitiwa tangu mwanzo walikuwa na mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo pungufu kwa asilimia 57. Mwaka 2008 Oxford nayo ikaona faida kama hiyo ikibaki miaka kumi baada ya jaribio kwisha. Mishipa ilikuwa inakumbuka miaka ya kwanza, kama ile ya mbwa wa Wisconsin. Lakini mwaka huohuo wa 2008 jaribio lingine la Marekani na Kanada, lenye watu 10,251 waliougua kwa miaka mingi na waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata, lililazimika kusimamisha mapema sehemu yake ya kushusha sukari kwa nguvu. Kati ya waliosukumwa kuelekea chini ya asilimia 6 walikufa 257, na kati ya wengine 203. Kwa hiyo anayeanza kisukari leo akiwa kijana na mzee aliyeugua miaka ishirini hawapewi tena lengo moja.

Dar es Salaam imo katika historia hii. Karibu na mwaka 2003 daktari Zulfiqarali Abbas wa Tanzania, pamoja na wenzake wa India na Ulaya, walianzisha mafunzo ya kutunza miguu ya wenye kisukari, wakimfundisha daktari na muuguzi wa hospitali moja kwa pamoja. Huku kwetu ganzi ndiyo iliyotangulia kuleta vidonda, watu wakikanyaga misumari na makaa bila kusikia, na upungufu wa damu miguuni unaongezeka kadiri watu wanavyoishi na kisukari miaka mingi. Kinachofundishwa hakihitaji mashine kubwa. Muuguzi anamvua mgonjwa viatu, anagusa wayo kwa uzi wa nailoni kuona kama anasikia, kisha anaweka vidole viwili juu ya wayo na nyuma ya kifundo kutafuta mapigo. Yasiposikika, mgonjwa anapelekwa akapimwe ateri zake kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kukata.